Babu na jembe lake: shajara ya kuchonga mwanaume aliyesimama

Wiki ya 1

Gogo limefika. Mpingo, urefu sentimita 70, kipenyo kama 20, kizito balaa, nakadiria kilo 25 hivi, jamaa wa bodaboda aliniuliza mara mbili kama kweli ndani ya gunia ni mti au nimebeba chuma. Mpingo ndo ulivyo, ukiutupa kwenye maji unazama. Nimelilaza kivulini, nimepaka nta vichwa vyote viwili lisikauke haraka likapasuka, afu nikakaa naliangalia tu karibu nusu saa.

Ninayetaka kumchonga ni babu. Babu mzaa mama, mkulima wa korosho Newala, mwaka wa sita huu tangu atutoke. Namtaka vile alivyokuwa anasimama jioni akimaliza palizi, mikono yote miwili juu ya mpini wa jembe, anaangalia shamba hasemi kitu. Picha yake ya maana hatuna, ipo moja tu ya kitambulisho, uso peke yake.

Na wanaume nimeshachonga wengi sana. Hapa Mwenge, soko la wachongaji Dar es Salaam, mwaka wa tisa sasa, nimetoa Wamasai wenye mikuki sijui mia ngapi, wazee wanavuta kiko, wapiga ngoma. Lakini wote wamesimama kama nguzo, ukimwangalia hujui uzito wake uko mguu gani, mabega yamelala kama rula, na mtu mzima hasimami hivyo, hata kituoni ukisubiri daladala dakika tano tu tayari umeshaegemea upande mmoja. Kwa hiyo kazi niliyojipa ni hiyo, kujua mwanaume anasimamaje. Mchana nachonga, usiku nacheki kwenye simu sanamu za wanaume za dunia nzima, naona wenzetu walifanyaje.

Wiki ya 2

Nimeanza na Misri. Farao anasimama mguu wa kushoto mbele, mikono imebana ubavuni, ngumi zimefungwa. Baadaye Wagiriki wakachonga vijana wa mawe kwa mkao uleule, wanaitwa kurosi, mmoja wa miaka ya 590 hivi kabla ya Kristo yuko kwenye jumba la Metropolitan kule New York, kimo cha mtu mzima. Ila Mmisri amevaa shuka na wamemwachia jiwe mgongoni, Mgiriki yuko uchi na jiwe limetolewa lote, kasimama kwa miguu yake. Sasa angalia nyonga, tatizo lile lile la Wamasai wangu! Mguu umeenda mbele, nyonga hazina habari. Kisiwani Naxos yupo mwingine wa zaidi ya mita 10, hakuwahi kumalizwa, mpaka leo amelala chali kwenye machimbo ya Apollonas.

Aliyenikamata lakini ni Ka-Aper. Huyu si jiwe, huyu ni mti, na mti wenyewe mkuyu, huu huu mkuyu tunaoujua sisi. Ana karibu miaka 4,500, kimo sentimita 112, yuko Cairo. Na ana kitambi! Mashavu ya mtu anayekula vizuri, kichwa kimenyolewa, kiunoni shuka, mkononi fimbo, macho wamempachika ya mawe yanayong'aa wakayazungushia shaba, yaani anakutazama. Mwaka 1860 vibarua wa Auguste Mariette, Mfaransa mchimbuaji wa mambo ya kale, walipomfukua Saqqara wakaona huyu si ndo mkuu wa kijiji chetu huyu, wakamwita Sheikh al-Balad, jina likabaki mpaka leo. Mtu kafa maelfu ya miaka bado watu wanamfananisha na jirani yao. Mimi nataka hicho hicho. Nataka mtu wa Newala akimwona babu aseme huyu namfahamu.

Kingine, mikono ya Ka-Aper ilichongwa pembeni ikapachikwa. Nilipomwambia fundi wangu (mzee ambaye kwao asili ni ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Mueda, Msumbiji) hakutaka hata kusikia. "Kijana, Mmakonde haungi. Ukiunga umetengeneza kiti." Basi, babu atatoka kwenye gogo moja pamoja na jembe lake.

Wiki ya 3

Kabla sijagusa mpingo natengeneza kwanza ya udongo, kimo sentimita 30. Somo la kusimama nimelichukua kwa Polykleitos, Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, kwenye sanamu yake ya Mbeba Mkuki. Ya shaba aliyoitengeneza mwenyewe haipo tena, zimebaki nakala za marumaru za Warumi, ile maarufu ilitoka Pompeii na sasa iko Naples. Nimekaa nayo siku tatu. Uzito wote uko mguu wa kulia. Mguu ukibeba, nyonga ya upande huo inapanda, nyonga ikipanda bega la upande huo huo linashuka, la pili ndo linanyanyuka, na uti wa mgongo unapinda kidogo katikati ili mtu asianguke. Mguu wa kushoto umelegea kisigino juu. Halafu mikono inapishana na miguu: upande ambao mguu umebeba mkono umelegea, upande ambao mguu umelegea mkono ndo umeshika mkuki. Waitaliano wanaiita kontraposto. Jaribu mwenyewe, simama weka vidole kwenye mifupa ya nyonga, hamisha uzito taratibu kulia, utaisikia inapanda. Kitu tunafanya kila siku na mimi miaka tisa nimekichonga vibaya.

Nikatengeneza udongo hivyo hivyo, mguu wa kulia umebeba, jembe mbele. Nikaridhika kabisa. Hata yule Daudi wa Michelangelo kule Florence amesimamia mguu wa kulia nikajua basi ndo kanuni.

Jana nikapiga simu ya video kwa mjomba nimwonyeshe bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu, hujambo? Umekonda."

Nikageuza kamera kwenye udongo. Akaangalia, akamwambia mjomba aisogeze simu karibu, akaangalia tena.

"Huyu nani?"

"Babu huyo, bibi."

"Babu yako hakusimamia mguu huo. Huo si ulikuwa mbovu tangu alipoanguka kwenye mkorosho, mama yako hajaolewa bado. Alikuwa anasimamia wa kushoto, huo wa kulia anauweka tu chini. Ndo maana jembe haliachi."

Nilikaa kimya. Nimetembea nyuma ya babu likizo zote za shule ya msingi, kutoka nyumbani mpaka shambani, namwangalia mgongo wake tu, na sikuwahi kuliona hilo. Au niliona lakini nikalisahau. Kumbe siku zote nilikuwa namchonga Mbeba Mkuki nimemshikisha jembe la babu.

Nimebomoa udongo jana hiyo hiyo usiku.

Wiki ya 3, Jumapili

Kugeuza picha kwenye simu kulia iwe kushoto ni rahisi, nilijaribu, lakini haikutosha, kwa sababu babu hakuwa kijana wa mazoezi aliyegeuzwa, alikuwa mtu anayeepusha maumivu. Nikatafuta anayesimamia mguu wa kushoto kweli, nikampata: Kijana wa Kritios, yuko makumbusho ya Akropoli, Athens. Marumaru, kimo kama mita 1.17, kachongwa miaka ya 480 kabla ya Kristo, yaani mapema kuliko Mbeba Mkuki. Kiwiliwili chake kilipatikana miaka ya 1860 na kichwa 1888. Ni miongoni mwa wa kwanza kabisa kule Ugiriki ambao nyonga zao zinajua uzito uko wapi, na kinachonigusa ni kwamba kimefanyika kidogo mno, nyonga imepanda kidogo tu, goti la kulia limekunjwa kidogo tu, hakuna kujionyesha. Hapo ndipo babu alipo.

Na jembe sasa limeeleweka. Mguu wa kushoto umebeba, nyonga ya kushoto juu, bega la kushoto chini. Upande wa kulia goti limelegea na bega linapandishwa na mpini. Jembe ndo mguu wake wa pili. Nimetengeneza udongo upya kwa masaa mawili tu, ulitoka wenyewe.

Bibi kaona. Kasema "eeh". Bibi akisema eeh ujue imepita.

Wiki ya 4

Wiki hii yote tumebishana kichwa mimi na fundi. Mtu wa kawaida kichwa kinaingia kwenye kimo chake mara saba na nusu hivi, Wagiriki wakaenda humo humo, mchongaji wao wa baadaye Lysippos akakifanya kidogo zaidi, mara nane, ili mtu aonekane mrefu. Ukija Afrika kichwa kinakua. Wayoruba kichwa kinaweza kuwa robo ya mwili mzima, na si kwamba hawajui kupima, wana neno ori, kichwa ndo kinabeba hatima ya mtu, sasa utakifanyaje kidogo?

Majirani zetu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Wahemba wa mashariki ya Kongo, ndo wamenifundisha zaidi. Sanamu zao za mababu wanaziita singiti. Mwanaume kasimama, miguu mifupi, mikono ameiweka huku na huku ya kitovu, ndevu zimezunguka kidevu, macho nusu yamefumba, nywele kwa nyuma zimesukwa zikapishana kama msalaba. Hana misuli. Hana haraka. Mkuu wa ukoo alikuwa anazitunza na kila moja ina jina la babu fulani, ukitaka kuonyesha ardhi ni ya nani na ukoo umetoka wapi hizo ndo ushahidi. Ukimwangalia Mbeba Mkuki unaona mwili unaoweza kufanya jambo, ukimwangalia singiti unaona mtu ambaye ameshafanya, sasa anakulinda. Nilivyosoma hivyo nikasema huyu ndo babu yangu, mwili asimame kama wa Kritios lakini uso na tumbo vikae Kihemba.

Wakuba nao, huko huko Kongo. Wafalme wao wamechongwa wamekaa miguu imekunjwa, zinaitwa ndop, nyuso zinafanana karibu zote, zimetulia. Unamjuaje huyu nani? Kwa kitu kilichowekwa mbele yake. Mfalme Shyaam wa karne ya 17 mbele yake kuna bao, bao hili tunalocheza, yuko British Museum. Kwa hiyo jembe la babu si pambo, ndo jina lake.

Na lazima niseme la vigango. Wamijikenda wa pwani ya Kenya wanaume wao wa chama cha Gohu wakifa wanasimamishiwa kigango, ubao mrefu, kichwa mviringo, hauna mikono wala miguu, mwili wote ni nakshi za pembetatu. Hicho pia ni mwanaume aliyesimama. Hakitakiwi kung'olewa pale kilipowekwa, lakini vimeng'olewa vikauzwa mpaka Ulaya na Marekani, viwili vilivyoibiwa 1985 vilirudi Kenya 2007 na familia iliyovisimamisha ilikuwa inavilia miaka yote hiyo. Nikifikiria mtu anamng'oa babu ya mtu usiku anaenda kumuuza, damu inachemka. Babu yangu hauzwi, nimeshawaambia hata hapa kibandani.

Fundi kwa upande wake akanikumbusha hadithi yetu Wamakonde, kwamba mwanaume wa kwanza alikuwa peke yake porini, akachonga mti umbo la mwanamke akausimamisha nje ya kibanda, asubuhi akakuta mtu. Ndo maana sanamu za zamani zilizosimama nyingi ni za mama, mwanaume ndo aliyeshika tezo. "Unachonga babu, lakini aliyemweka babu sawa ni nani? Si bibi yako?" Kweli.

Tumekubaliana kichwa moja ya tano. Kimo sentimita 62, kichwa 12 na kidogo. Na kaniambia juu ya utosi nisimalize mpaka mwisho, niache nyama, yaani mti wa ziada.

Wiki ya 5

Tezo limeanza. Mti mweupe wa nje umetoka siku ya kwanza, chini yake kiini cheusi chenye michirizi ya kahawia. Mgongo na mabega vimetokea. Na Alhamisi asubuhi nikakuta ufa.

Unaanzia kwenye moyo wa gogo unatokea upande wa kulia mbele, sentimita 20 hivi, unaingia ukucha. Nta nilipaka, kivuli kilikuwepo, lakini nje nimeshaondoa ndani bado kubichi, kukauka hakulingani. Mti kama huu unachukua miaka 70 na zaidi mpaka kufaa kuvunwa afu unampasukia mtu mkononi. Sikugusa kitu siku nzima.

Usiku ndo nikasoma habari za wale walinzi wawili wa lango la kusini la hekalu la Todaiji, Nara, Japani. Wanaume wa mti, zaidi ya mita 8 kila mmoja, misuli imesimama, nguo zinapepea, mmoja kafungua mdomo mmoja kafunga. Unkei na Kaikei na wenzao waliwamaliza mwaka 1203 kwa siku 69! Kila mmoja ni karibu vipande 3,000 vimeunganishwa. Na hata zamani kabla ya kuunga hivyo, Wajapani wakichonga gogo moja walikuwa wanalitoboa mgongoni wanatoa moyo wa mti, kwa sababu moyo ndo unaopasua. Walijua adui anakaa wapi.

Mimi babu siwezi kumtoboa. Fundi alikuja Ijumaa akalizungusha gogo taratibu, akaweka kidole juu ya ufa akashuka nao mpaka chini. "Hapa kuna nini kwenye udongo wako?" Nikaangalia. Hapo hakuna kitu, ni ule uwazi kati ya ubavu na mpini wa jembe. "Basi mzungushe robo tu huku, ufa wote unaanguka kwenye takataka." Nimechora upya kwa chaki, babu amegeuka kidogo kushoto kuliko nilivyopanga, na ufa wote umetoka na maranda. Umebaki kidogo mno nyuma ya kiwiko, utajazwa kwa nta na unga wa mpingo.

Wiki ya 7

Wiki ya 6 sina la kuandika, ilikuwa kupunguza tu.

Sasa mwili. Kuna mzee anauza kahawa karibu na hapa, umri kama wa babu wa mwisho mwisho, nilimwomba asimame kwangu dakika kumi kumi na jembe nililoazima, akakubali, nampa hela yake. Rodin, mchongaji Mfaransa, naye alimsimamisha askari Mbelgiji anaitwa Auguste Neyt kwa ile sanamu yake ya Enzi ya Shaba, mwaka 1877 alipoionyesha Brussels watu wakamtuhumu amemwagia plasta juu ya mwili wa mtu, eti haiwezekani mkono utoe kitu hai hivyo. Alipata tabu kujisafisha.

Nilichokiona kwa mzee wa kahawa: upande wa nyonga iliyopanda, ngozi ya kiuno inakunjana mikunjo miwili, mmoja mrefu mmoja mfupi, na upande wa pili ngozi imenyooka kabisa mpaka unahesabu mbavu. Tumbo haliko mbele, limemwagikia kidogo upande wa mguu unaobeba. Mshipa wa shingo umesimama upande wa jembe. Vitu hivi Ka-Aper anavyo vichache, wale wa Riace hawana kabisa. Nawasema wale wanaume wawili wa shaba waliopatikana baharini kusini mwa Italia mwaka 1972, midomo ya shaba nyekundu na mmoja ana meno ya fedha, wazuri kupita kiasi, lakini wale hawajawahi kulima. Nimechonga ile mikunjo miwili kwa patasi ndogo kabisa, siku mbili nzima, na kila nikipitisha kidole gumba naisikia.

Kuhusu nguo niliulizwa sana. Wagiriki vijana wao walifanya mazoezi uchi kwa hiyo uchi kwao ni heshima ya mwili. Waingereza nakala ya plasta ya Daudi iliyoko London walimtengenezea jani la kumfunika wakija wageni wa kifalme. Mimi sina ubishi na yeyote, ila babu sikuwahi kumwona bila kaptula yake ya kaki iliyofungwa kamba, na hata angekuwepo asingekubali. Kaptula.

Wiki ya 9

Miguu. Sehemu iliyonitisha zaidi, vifundo vya miguu vinabeba kila kitu. Daudi, mita 5.17 za marumaru, ana kisiki nyuma ya mguu wa kulia, na pamoja na kisiki bado vifundo vyake vimeingia nyufa ndogo ndogo. Nakala nyingi za marumaru za Warumi unakuta kisiki hivyo hivyo au kijiti cha jiwe kinashika mkono, shaba haikuhitaji, jiwe linahitaji. Mimi kisiki sijaweka. Mpini wa jembe umeshuka kutoka kwenye viganja mpaka chini, nyuzi za mti zimenyooka nao, na jembe lenyewe limelala kwenye ardhi aliyosimama juu yake. Nimemsimamisha kwenye meza nikaisukuma meza. Hakutikisika. Goti la kulia lile bovu nimeliacha na alama za tupa, sijalilainisha.

Msasa umeanza mgongoni.

Leo jioni video tena na bibi. Nimemzungusha taratibu, mbele, ubavu, nyuma. Bibi akasema simamisha hapo, nyuma hapo. Akakaa kimya muda mrefu, nasikia kuku tu kwao. Mjomba akachukua simu akasema subiri kidogo mwanangu. Halafu bibi akarudi.

"Mume wangu, umemtendea vizuri. Lakini mbona kichwa wazi? Babu yako anaenda shamba bila barakashia yake?"

Nimechukua rula. Juu ya utosi imebaki sentimita moja na nusu haijaguswa, mzunguko wote. Inatosha barakashia.